UZI: Oili ya giaboksi kwenye gari kuukuu ya otomatiki, nilivyopimiwa kimakosa nikakwama mlima Kitonga

Mzee_wa_110

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi siku ile mtu wa Toyota IST alipouliza kama abadilishe hydraulic (oili) ya giaboksi akaambiwa na watu kama kumi "usiguse, utaiua", nikasema ngoja nikitulia niandike yaliyonikuta mimi. Nimetulia leo, umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 60, twende.

Gari yangu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, otomatiki ya gia nne yenye kile kitufe cha O/D (overdrive, cha kuruhusu au kuzuia gia ya nne). Mimi ni mtu wa tatu au wa nne kuimiliki hapa nchini na hakuna hata mmoja aliyeniachia karatasi ya sevisi, nilichorithi ni mkeka wa mlangoni na kaseti. Oili ya injini nabadilisha vizuri tu, ya giaboksi sikuwahi kuifungua maana na mimi nilikuwa kwenye lile kanisa la usiguse.

Mwaka jana nilikuwa na safari ya Mbeya, harusi ya mdogo wake mke wangu. Siku mbili kabla nikapeleka gari kwa fundi, siyo fundi wangu, wangu alikuwa msibani, huyu ni wa jirani tu. Gari ilikuwa imelala pale toka asubuhi, injini ya baridi, imezimwa. Akafungua boneti, akachomoa dipstiki ya gia (kile kijiti cha kupimia oili), akaifuta na kitambaa cha jinsi, akachomeka, akachomoa tena. Akanigeukia na sura ya daktari. "Mzee hii oili imezidi, itakupasulia sili njiani." Akachukua bomba la sindano kubwa na kimpira, akanyonya pale pale kwenye mrija wa dipstiki, akatoa karibu lita nzima kwenye chupa ya maji. Nikamshukuru na hela ya soda nikampa!

Safari ikaenda vizuri, Chalinze, Moro, Mikumi tunatembea 50 tunaangalia twiga, watoto wanafurahi. Tukapita Ruaha Mbuyuni tukaanza Kitonga. Mnaoijua Kitonga mnajua, kona juu ya kona na malori mbele na nyuma. Kona ya tatu au ya nne nakanyaga mafuta injini inalia juu kama nimeweka nyutro, rpm (mizunguko ya injini) inagonga 4000 lakini gari haiendi, spidi inashuka 30, 20, nyuma yangu kuna semi ananipigia honi. Ikashika ghafla PUU tukarushwa mbele, ikaachia tena. Halafu ile harufu, sijui niifananishe na nini, kama mtu anaunguza sufuria ya plastiki. Mke wangu hakusema kitu ila aliikumbatia pochi yake.

Nikasogea pembeni mahali penye upana kidogo, nikaweka mawe. Akasimama dereva wa lori, mtu mzima, akauliza kimepungua nini, nikamwambia gia zinateleza na fundi juzi alipunguza oili iliyozidi. Akaniuliza swali moja tu: "Alipima imewaka au imezimwa?"

Nikawasha. Akaniambia kanyaga breki, peleka lever P R N D 2 L rudi P, taratibu, kila mahali hesabu mpaka tatu. Injini ikiwa inanguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, akachomoa kijiti, akafuta, akarudisha, akachomoa. KAVU. Tone moja kwenye ncha, na rangi ya chai ya rangi. Yule mzee akarudi kwenye lori lake akaja na kidumu cha ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) anayoweka kwenye steringi pawa ya lori, akaangalia kwenye kijiti changu pameandikwa DEXRON, aina ya ATF inayotakiwa, akaangalia kidumu chake, akasema zinaelewana. Akatutilia kama lita moja kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Akakataa hela. Tulipanda Kitonga tukiwa na gia, taratibu, lever ikiwa kwenye 2 na O/D nimezima, tukafika Iringa tukalala.

Harusi tuliwahi. Ila kuanzia hapo nikaanza kusoma kuhusu hii kitu na nikaamua oili yote itoke. Naendelea hapa chini, niacheni kwanza nile.

Kamanda_Kimara

Mkuu pole, ila mimi bado nipo kwenye lile kanisa. Jirani yangu alibadilisha hydraulic kwenye Mark II yake, siku ya nne tu gia zikagoma kabisa, reverse haipo, D inasukuma kama mkokoteni. Kabla ya hapo gari ilikuwa inatembea. Sasa hapo tuseme nini? Acha oili ya zamani ifie na gari yake.

Fundi_Mstaafu

Kamanda hebu muulize jirani yako, alibadilisha kwa nini? Kwa miaka 26 niliyokaa chini ya magari sijaona mtu anakuja na giaboksi inayoshika vizuri anasema fundi nibadilishie oili kwa sababu muda wake umefika. Wanakuja ikishaanza kuteleza. Mgonjwa kakaa ndani miezi sita na mitishamba, mnamkimbiza hospitali saa nane usiku akiwa hoi, akifa mnasema hospitali ile inaua watu.

Ndani ya otomatiki kuna klachi nyingi nyembamba zimepangwa kama sahani, zina utando kama wa karatasi ngumu. Oili ndiyo inazisukuma kwa presha zishikane, hiyo hiyo ndiyo inayozipoza, inayozilainisha, na ndiyo inayozungusha ile konveta inayopokea nguvu kutoka kwenye injini. Oili ikichoka presha inayumba, klachi zinashikana kwa kusitasita, zinaungua, ule unga wake unaingia kwenye oili, oili inachoka zaidi. Utando ukishakwisha hata umwagie asali haishiki. Jirani yako klachi zilikwisha kabla hajafungua boliti.

Kitu kimoja nakubaliana na wewe. Kuna wanaotumia mashine ya kuflashi kwa presha, wanasukuma oili mpya kwa nguvu kwenye giaboksi yenye uchafu wa miaka ishirini, ule uchafu uliokuwa umetulia chini unanyanyuka unaenda kukaa kwenye vile vitundu vidogo vya valvu bodi, pale panapogawa presha ya oili kwenda kwenye klachi. Hiyo kwenye gari kuukuu mimi sikushauri. Mwaga kwa boliti, ishuke yenyewe, jaza kiasi kile kile.

Mzee_wa_110

Nimerudi, ilikuwa ugali dagaa. Fundi Mstaafu umenirahisishia kazi.

Kwa hiyo kwanza KUPIMA, maana hapo ndipo nilipolizwa. Injini ikizimwa ile oili iliyoko kwenye konveta na kwenye mirija ya kwenda rejeta inashuka taratibu inarudi kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya giaboksi), ndiyo maana ukipima imezimwa kijiti kinaonyesha imezidi. Ikiwaka pampu inanyonya inajaza konveta, levo inashuka, na hiyo ndiyo levo yenyewe. Fundi yule alipima namba isiyokuwepo halafu akapunguza oili kweli. Ukipanda mlima oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, filta inanyonya hewa, hewa haina presha, klachi zinaachia. Ndiyo ile rpm 4000 na spidi 20.

Kwenye Toyota hizi zetu unafanya hivi. Tembeza gari kama kilomita 15 au 20 ipate moto kweli, siyo kuwasha dakika tano uani. Paki sehemu tambarare, hendibreki juu, injini iendelee kunguruma, pitisha lever kwenye gia zote rudi P, ndipo uchomoe. Kwenye kijiti kuna alama mbili za COOL na mbili za HOT, gari ikiwa ya moto unasoma za HOT, oili ikae katikati ya hizo mbili. Futa na kitambaa kisichotoa nyuzi, ile jinsi ya yule fundi wala sitaki kuikumbuka. Na usome pande zote mbili za kijiti, mrija unapaka oili upande mmoja, amini ule upande wa chini. Kwenye 110 kijiti kiko chini chini upande wa kushoto kule giaboksi iliko, inabidi uinamishe kichwa kama unatafuta shilingi uvunguni.

Halafu dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Mimi tone langu lilikuwa kahawia na katikati doa jeusi. Oili ambayo haijachoka inatakiwa iwe nyekundu inayopitisha mwanga, kama sharubati ya rozela. Na inuse. Ya kwangu ilinuka ile harufu ya Kitonga.

shangazi_wa_rav4

Samahani naingilia, mimi yangu ni RAV4 ya zamani ile ya milango mitatu, nimepima sasa hivi baada ya kusoma (imewaka, ya moto, nimefuata yote) oili siyo nyekundu wala kahawia, ni pinki, nzito, kama maziwa ya stroberi. Ni aina nyingine ya oili au?

Fundi_Mstaafu

Shangazi ZIMA gari sasa hivi na usiiwashe tena. Hiyo siyo aina ya oili, hayo ni maji. Oili ya giaboksi inapita ndani ya rejeta, kuna kibomba chake kwenye tangi la rejeta kinapoozwa na maji ya injini. Kile kibomba kikioza maji na oili vinakutana. Wengi wetu tunajaza maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulanti, kutu inakula taratibu hakuna anayeona. Fungua mfuniko wa rejeta ikishapoa kabisa, utakuta na huko kuna mafuta mafuta yanaelea.

Rejeta ibadilishwe kwanza kabla ya kitu chochote, halafu giaboksi imwagwe zaidi ya mara moja mpaka itoke nyekundu. Maji yanalegeza ile gundi iliyoshika utando wa klachi, kwa hiyo kila siku unayoendesha hivyo unajikatia mwenyewe. Ukiwahi kuna nafasi. Siwezi kukuahidi.

shangazi_wa_rav4

Uwiii. Nimefungua rejeta yana mafuta juu kama mchuzi wa kuku. Asante baba, naita mtu wa kuivuta.

Fundi_Mstaafu

Mwambie asiivute kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Ile injini ikizimwa pampu ya giaboksi haizunguki, ndani kunazunguka kukavu. Ipande juu ya gari la kubebea, hasa hiyo ikiwa ni ya kuvuta magurudumu yote manne.

Njoro_SG5

Niaje wadau, naandika kutoka Nairobi. Hii ya Mzee wa 110 imenikumbusha vile niliumia na Subaru Forester SG5. Nilipeleka gari oil change ya kawaida kwa jamaa fulani kando ya barabara, sikai kumwangalia, nikaenda kununua chai. Kurudi ananiambia iko sawa. Nikatoka, nusu kilomita hivi gari inaanza kulia wiii, D inachelewa kushika, halafu ikakataa kusonga. Kumbe Subaru iko na maboliti tofauti huko chini, ya oil ya injini, ya ATF, na ya diff ya mbele (zile gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele), zote zimekaribiana. Yule jamaa alifungua ya ATF akamwaga akidhani ni ya injini! Na hata hakushangaa mafuta mekundu! Halafu akaongeza lita nne za oil kwa injini ambayo ilikuwa bado imejaa. Injini imejaa mara mbili, gearbox tupu.

Bahati niliisimamisha mapema. Tuliitoa zote tukaanza upya na mpaka leo inatembea, lakini siku hizi nikienda service nakaa hapo hapo kwa kiti cha plastiki nikiangalia boliti.

Wenye Subaru za miaka hiyo pia mjue kuna dipstick mbili za upande wa gearbox, moja ni ya ATF na ile nyingine ni ya diff ya mbele ambayo inataka oil yake nzito ya gear, lita moja na kitu hivi. Nimeona mtu akiongeza ATF kwa diff.

Mzee_wa_110

Njoro pole sana ndugu yetu, hiyo ya kutoshangaa mafuta mekundu imenichekesha peke yangu gizani. Ile rangi nyekundu ni rangi tu waliyoweka ili ukiona tone chini ya gari ujue ni ya gia siyo ya injini. Kwa hiyo jamaa aliambiwa na oili yenyewe akakataa kusikia.

Sasa KUBADILISHA. Nilifanya mwenyewe na kijana wangu wa form three, Jumamosi tatu.

Vifaa: jeki na stendi (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tafadhali, hata dakika moja), alenki namba 10 ya boliti ya kumwagia, spana namba 10 ya boliti za sampu, gasketi mpya, filta mpya, beseni pana, faneli yenye mpira mrefu mwembamba, na madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita tano yaliyooshwa YAKAKAUKA. Gasketi na filta nilipata mtaa wa Gerezani pale Dar, nenda na namba ya chesisi siyo maneno ya "ya 110 ile ya kawaida", watakupa inayofanana na isiyoingia.

Tulitembeza gari kidogo iwe vuguvugu, siyo ya moto ya kuunguza. Boliti ikafunguka, ikatoka oili rangi ya kahawa ya mtaani. Tuliiacha saa nzima mpaka inadondoka tone tone. Hapo bado kuna iliyobaki ndani ya sampu, tukafungua boliti za sampu moja moja tukianza upande mmoja ili iiname kidogo kidogo isitumwagikie usoni. Ilitumwagikia hata hivyo. Kijana akafundishwa neno jipya na baba yake.

Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Zetu zilikuwa zimevaa tope la kijivu laini, ukisugua kwa vidole kama unga wa penseli. Nilishtuka ila nilivyosoma baadaye hilo ni la kawaida, ni uchakavu wa miaka. Kinachotakiwa kukutisha ni vipande, chembe zinazong'aa unazozisikia kwenye vidole, au magamba meusi ya ule utando wa klachi. Hatukukuta. Nikashukuru Mungu na yule dereva wa lori.

Tukasafisha sampu, tukafuta kila alama ya gasketi ya zamani kwa mbao, siyo kwa bisibisi, uso wa giaboksi ni alumini unachubuka. Filta mpya, gasketi mpya, boliti zote kwa mkono kwanza, halafu kaza kwa kupishanisha. HAPA watu wengi wanaharibu. Zile boliti ndogo zinataka nguvu ndogo sana, kama Nm 5, ni nguvu ya kifundo cha mkono tu, siyo ya bega. Ukikaza kama nati za tairi unakoboa nyuzi za alumini na sampu itavuja maisha.

Kila tulichomwaga tulipima kwenye madumu. Ilitoka lita tatu na kidogo, tukarudisha lita tatu na kidogo kwa faneli kupitia mrija wa dipstiki, polepole, ukiharakisha inarudi juu inakulowesha. Tukawasha, lever kwenye gia zote, tukapima, tukaongeza kama robo, tukaendesha mpaka ya moto, tukapima tena.

Kwa nini Jumamosi tatu? Giaboksi yote inabeba kama lita saba hivi, kwenye sampu zinatoka tatu, nne zimejificha kwenye konveta na kwingine ndani. Kwa hiyo mara ya kwanza bado zaidi ya nusu ni oili ya zamani. Mara ya pili inabaki theluthi, ya tatu kama moja ya tano. Sampu tulifungua ile ya kwanza tu, zilizofuata ni boliti ya kumwagia peke yake, kazi ya nusu saa. Katikati nilikuwa naenda nayo kazini kama kawaida ili ichanganyike.

kijana_IST

Mkuu mimi ndiye yule wa IST, asante kwa uzi. Kwa hiyo niweke hiyo Dexron na mimi?

Fundi_Mstaafu

HAPANA kijana, usikopi dawa ya jirani. Chomoa dipstiki yako uisome, Toyota wanaandika pale pale kwenye kijiti. 110 ya Mzee inasema Dexron, IST yako ya NCP60 inataka T-IV. Zote nyekundu, zote zinaitwa ATF, ila zinatofautiana katika namna klachi zinavyoruhusiwa kuteleza kabla ya kushikana, na kompyuta ya giaboksi imepangiwa oili moja. Ukiweka nyingine haifi siku hiyo, utasikia tu gia zinaingia kwa kugonga au kwa kuvuta vuta, halafu utaanza kubadilisha solenoidi (valvu ndogo za umeme za giaboksi) zisizo na kosa.

Toyota za baadaye zinataka oili ya WS na nyingi hazina kijiti kabisa, zinapimwa kwa boliti ya kufurika huku oili ikiwa kwenye joto maalumu, hiyo usijaribu uani kama huna kifaa cha kusoma joto. Honda nyingi za zamani ni kinyume na Toyota, unaipasha moto, unazima, unapima ndani ya dakika moja na nusu. Mitsubishi nyingi unapima imewaka ila lever iko N. Kwa hiyo yule fundi wa Mzee inawezekana alijifunzia kwenye Honda, simtetei lakini.

Na hilo jina Dexron ni la General Motors, zilianza miaka ya sitini. Za mwanzo walikuwa wanachanganya na mafuta ya nyangumi mnajua? Yalikuwa yanasaidia klachi kushika kwa ulaini. Miaka ya sabini mwanzoni Marekani wakapiga marufuku, ndiyo ikaja Dexron II. Siku hizi hatuui nyangumi, tunaua giaboksi tu.

Kamanda_Kimara

Hahaha mzee wewe. Haya nimeanza kulegea. Ila niulize, Toyota Premio yangu ni ile ya 2008, modeli ya 260, fundi wangu anasema ATF yoyote nyekundu inakubali.

Fundi_Mstaafu

Hiyo ni CVT. Haina gia, ina mkanda wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kubana. Mkanda unashikwa kwa msuguano, oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuliana. Inaitwa CVT Fluid, ya Toyota ina jina lake, Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana yao. Ukiweka ATF nyekundu mkanda unateleza unachimba puli, na hapo hakuna cha klachi wala gasketi, unatafuta giaboksi nyingine. Muulize fundi wako kama alishaweka.

Kamanda_Kimara

Nimempigia. Anasema "niliongezaga kidogo tu mwezi wa tatu". Wakuu nisaidieni kidogo ni kiasi gani???

Fundi_Mstaafu

Kiasi chochote ni cha kutoa. Kesho mapema imwage ujaze ya CVT, halafu baada ya siku chache rudia. Na kabla hujamwaga hakikisha pa kujazia pamefunguka kwanza. Nimeona watu wanamwaga vizuri halafu boliti ya kujazia imeshika kutu, gari ipo juu ya stendi haina oili na haina pa kuingizia.

Njoro_SG5

Hiyo ya kufungua pa kujaza kwanza inafaa kuandikwa kwa ukuta wa kila garage.

Mzee_wa_110

Umeme umerudi. Nimalizie yangu.

Baada ya Jumamosi ya tatu tone kwenye tishu likawa jekundu lenye wekundu wa matofali, siyo rozela lakini siyo chai tena. Asubuhi ilikuwa inachelewa kuingia D kama sekunde mbili halafu inapiga teke, sasa hivi inaingia kama mtu mwenye adabu. Ile ya kutoka gia ya pili kwenda ya tatu bado kuna kamtelezo kidogo ikiwa ya moto sana kwenye foleni ya Mbezi, nadhani hiyo ni alama ya Kitonga na itabaki nayo. Sikuweka ile dawa ya chupa wanayosema inarudisha gia, Fundi Mstaafu nisahihishe kama nimekosea.

Fundi_Mstaafu

Hujakosea. Pesa ya hiyo chupa nunua oili lita moja uweke buti.

shangazi_wa_rav4

Nimerudi na mimi. Rejeta ilikuwa imeoza ndani kama walivyosema humu. Imebadilishwa, giaboksi imemwagwa mara nne, ya nne imetoka nyekundu. Inatembea, siiamini bado lakini inatembea. Oili chafu yote fundi alitaka kumwaga mtaroni nikamkatalia, baba mkwe ameichukua anapaka boriti za banda mchwa wasile.

kijana_IST

Nimechomoa kijiti, kweli kimeandikwa T-IV, miaka mitatu nakipita sijawahi kukisoma. Mzee wa 110, ule mpira wa faneli ulikuwa wa unene gani? Nimenunua wa kumwagilia bustani hauingii.

Mzee_wa_110

Mwembamba kama kidole kidogo, ule wa uwazi wanaotumia mafundi pikipiki kwa petroli ukipata mnene kidogo ndiyo wenyewe. Na uoshe kijana, usije ukaingiza udongo wa bustani kwenye giaboksi tukaanza uzi mwingine.